Binamu wa Nyangumi

Wanafunzi wangu wameniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri darasani. Walitaka kujua kwa nini kila tunapofika kwenye mada ya haki na wajibu wa raia, mwalimu wao wa Kiswahili huanza kwa kuzungumzia ufuko wa ziwa. Niliwaahidi kwamba nitawajibu kwa maandishi. Jibu langu ni masimulizi ya safari ya siku mbili niliyoifanya pamoja na familia yangu. Nilipoondoka nyumbani niliiita mapumziko. Niliporudi sikuwa na jina la kuipa.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2023, likizo kuu, kiangazi kimekomaa na vumbi la Bujumbura limetanda juu ya majani ya miembe. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 10, alikuwa amesoma habari za nyangumi katika mojawapo ya vitabu ninavyovitumia kufundishia ufahamu. Alisoma kwamba kila mwaka, kuanzia Julai hivi hadi Septemba, nyangumi wenye nundu hutoka katika bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi maji ya uvuguvugu ya Afrika Mashariki ili wazae na kunyonyesha. Alisoma pia kwamba Watamu, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, watu hupanda boti wakaenda kuwatazama wanavyoruka na kujibwaga majini.

“Mama,” akaniuliza, “Watamu ni mbali?”

Nikafungua ramani ukutani. Nikamwonesha kwamba ingetubidi tuivuke Tanzania yote, kutoka magharibi hadi Dar es Salaam, tupande tena hadi Mombasa, kisha tuendelee kaskazini hadi Kilifi na Watamu. Nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba tangu Julai 2007 Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo Mrundi anaweza kwenda Kenya bila viza. Mtoto akafurahi. Baba yake, ambaye ni mwalimu wa biolojia, akaipooza furaha hiyo taratibu: mpaka uko wazi, lakini mfuko wa walimu wawili haufiki Watamu. Kisha akaongeza neno ambalo watoto walilishika na hawakuliachia tena.

“Nyangumi hatumwezi mwaka huu. Lakini binamu yake anaishi hapa kwetu. Tutakwenda kumwamkia.”

Binamu mwenyewe ni kiboko. Mimi nilidhani mume wangu anatania, lakini akatusomesha mezani pale pale. Wanasayansi waliochunguza chembe za urithi wamethibitisha kwamba miongoni mwa wanyama wote walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita walikuwa na babu mmoja. Ukoo mmoja ukaelekea baharini usirudi, mwingine ukabaki mitoni na maziwani. Mpaka leo kiboko huzalia majini, hunyonyesha majini, na hutoa sauti chini ya maji kama nyangumi. Na ingawa mchana hukaa majini, hawezi kuogelea hasa: hutembea juu ya sakafu ya mto kama mtu anayevuka uwanja.

Basi tukapanga safari. Siku ya Jumamosi tungekwenda Gatumba kulala kwa shangazi yangu, na asubuhi ya Jumapili tungeingia Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, pale mto unapomimina maji yake katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ni safari ya kilomita 15 hivi kutoka katikati ya jiji. Lakini mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa adimu, na tulisimama kwenye foleni ya basi kwa saa tatu, kitinda mimba wangu amelala begani kwa baba yake, kabla ya kupata nafasi.

Shangazi alitupokea katika vyumba viwili vya kupanga, upande wa barabara ulio juu kidogo. Alitupikia mukeke wa kubanika na ugali wa muhogo. Nikawaambia watoto kwamba samaki huyo, wavuvi wa Kigoma humwita mgebuka, na ndagala wetu wao humwita dagaa. Ziwa moja, samaki mmoja, majina mawili. Shangazi akacheka, akasema mwalimu hata akila hufundisha. Yeye ni mzaliwa wa Buyenzi, Kiswahili amekinyonya kwa mama yake. Hukisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kifaransa hakijui. Naomba ulikumbuke hilo, msomaji, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo.

Baada ya kula, watoto wakamwomba awahadithie kuhusu viboko. Akawaambia kwamba zamani, alipokuwa na nyumba yake kule chini, kiboko alikuwa akipita nyuma ya jiko lake usiku. Alimsikia anavyotafuna majani na kupumua. Watoto wakashangaa: nyumba gani, Bibi? Akainuka, akatoa chini ya godoro mfuko wa plastiki, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye madoa ya maji.

Niliitambua kabla hajaikunjua, maana ni mimi niliyeiandika.

Mwaka 2016 Shangazi alinunua kiwanja Gatumba kwa akiba ya miaka tisa ya kuuza ndagala. Alinijia na muuzaji na mashahidi wawili, akaniomba niwaandikie hati ya mauziano, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. Niliiandika kwa Kiswahili fasaha. Nakumbuka nilivyojivunia muundo wake: majina, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mipaka ya pande nne, nafasi ya sahihi na alama za vidole. Muuzaji alisema kila mtu anajenga kule. Sikumuuliza neno.

Sasa Shangazi akampa binti yangu karatasi ile, akamwambia, “Soma, mjukuu wangu, uone mama yako anavyoandika vizuri.” Akasoma kwa sauti, bila kukwama, mpaka akafika kwenye mipaka: “Upande wa kusini kinapakana na matete ya ziwa.”

Akanyamaza. Kisha akaniangalia. “Mama, si ulisema matete ndiyo nyumba ya viboko?”

Shangazi hakusema kitu. Mume wangu akachukua sahani akatoka nazo nje. Usiku ule sikulala.

Asubuhi tulifika hifadhini jua likiwa bado jekundu juu ya milima ya mashariki. Tukanunua tiketi, tukapanda mtumbwi wa injini pamoja na muongozaji, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Mbele yetu mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa. Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hupita mabonde ya mpakani, na hufika hapa umebeba udongo wa milima. Kingo zote mbili zilikuwa matete, marefu kupita urefu wa mtu, na juu yake ndege wengi kiasi kwamba mdogo alikata tamaa ya kuwahesabu. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Lilikuwa eneo la kwanza la Burundi kupewa heshima hiyo.

Muongozaji akazima injini. “Mukae hivyo hivyo,” akasema. “Yeye anatuona mbele sisi hatujamuona.”

Mwanzoni tuliona masikio tu, mawili, yakitikisika kama vipepeo juu ya maji. Kisha macho. Kisha mgongo mmoja, na wa pili, na wa tano, mpaka kile tulichokidhani ni kisiwa cha matope kikawa familia nzima. Dume mmoja alipumua kwa nguvu na ukungu wa maji ukaruka juu. Binti yangu akanishika mkono. “Mama, anapumua kama nyangumi wa kwenye kitabu.” Kando ya mama mmoja tukaona kichwa kidogo, cha rangi ya waridi shavuni, kikiibuka, kikizama. Kwa muda fulani hakuna aliyesema kitu, hata mdogo wangu ambaye husema hata usingizini.

Tulipoanza kurudi, muongozaji akatuonesha uwazi kati ya matete, njia iliyokanyagwa ikawa ngumu na laini kama sakafu. Akaeleza kwamba mchana kiboko hukaa majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua, na usiku hutoka kwenda kula majani, hata kilo 40 kwa usiku mmoja. Hutumia njia zile zile, mwaka baada ya mwaka. Mtoto hujifunza kwa mama yake. Mtu akijenga juu ya njia hiyo, kiboko haoni nyumba, huona kizuizi kwenye njia yake. Nikageuza uso nikatazama maji.

Mume wangu, nadhani kwa kunionea huruma, akabadilisha mazungumzo. Akawasimulia watoto kwamba Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi ncha hii ya ziwa ili kumaliza ubishi mmoja tu: je, Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wazungu wa Ulaya walikuwa wamebishana kwa miaka, na Livingstone alitumaini kwamba huenda ziwa linapeleka maji yake kwenye Mto Nile. Walipofika mlangoni waliona wazi kwamba mto unaingia. Wenyeji walikuwa wakilijua hilo siku zote. Nikawaza moyoni: na Gatumba pia walikuwepo wazee waliojua maji yanafika wapi. Sikwenda kuwauliza.

Kabla ya kurudi mjini nilimwomba Shangazi atupeleke kwenye kiwanja. Hakutaka mwanzoni, kisha akajifunga kanga, akatangulia. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilikuwa zimelipandisha ziwa, na Aprili 2020 Rusizi ukavunja kingo zake. Maelfu ya watu wa Gatumba walihama na magodoro vichwani. Maji yalipopungua, wengine walirudi. Mwaka 2021 yakaja tena. Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya matofali mabichi. Tulikuta ukuta mmoja, urefu wa kiuno changu, na jiwe la jiko. Majani yameota ndani ya kilichokuwa chumba cha kulala, na juu ya majani kinyesi cha kiboko, kibichi.

Binti yangu akaanza kutembea kutoka ukutani kuelekea majini, akihesabu hatua kwa sauti. Baba yake akamfuata kwa hatua ndefu za mtu mzima, naye akihesabu. Alipofika ukingoni akasema, “Sitini na mbili.”

Sheria ya maji ya Burundi, iliyotangazwa Machi 2012, imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuwa mali ya umma. Ukanda huo si wa kuuzwa wala kujengwa. Katiba yetu nayo inaieleza mali ya umma kuwa takatifu, na kumpa kila mtu wajibu wa kuiheshimu na kuilinda. Nilipoandika hati ya Shangazi, sheria hiyo ilikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimeisikia ikitajwa redioni. Nilikuwa nafundisha neno “uraia” na ngeli yake, mzizi wake na viambishi vyake. Lakini sikuinuka kitini kwenda kuhesabu hatua, wala sikwenda ofisini kuuliza.

Nimejitetea mara nyingi. Nimesema kwamba si mimi niliyeuza, wala si mimi niliyenunua. Mimi niliandika tu. Nimesema kwamba ardhi katika nchi yetu ni finyu na watu ni wengi, na maskini hujenga pale bei inapomruhusu. Nimesema kwamba wapo wenye uwezo waliojenga ufukoni kuta ndefu zinazomzuia hata mtembea kwa miguu kuliona ziwa, na hawakuulizwa. Hayo yote ni kweli, na la mwisho ni dhuluma ya kupigiwa kelele, maana sheria inayomfunga muuza ndagala ikamfungulia tajiri haiwezi kuheshimiwa na yeyote. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloniondolea langu. Sheria zetu nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Shangazi asingeweza kuisoma ile ya maji hata angewekewa mkononi. Kati yake na sheria alisimama mtu mmoja tu aliyejua kusoma pande zote mbili, na mtu huyo alikuwa amekazana kupamba sentensi.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaosoma hapa tumewahi kuombwa kushika kalamu kwa niaba ya mtu mwingine. Mwalimu, katibu wa kanisa au msikiti, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo: ndio waandishi wa hati za mitaa yetu. Tunaona ni msaada mdogo. Lakini yule anayeweka alama ya kidole chini ya maneno yetu anaamini kwamba kama kungekuwa na hatari, sisi tungeiona. Anainunua elimu yetu pamoja na kiwanja.

Na ziwa lenyewe tulielewe, maana si adui. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, na ni mali ya nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mito mingi inaingia, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo miaka ikifuatana na mvua nyingi, ziwa halina pa kwenda ila kupanda kwenye fuko zake. Lilipanda hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960; wazee wanakumbuka. Kisha likashuka, na sisi tukachukua kimya chake kuwa ruhusa. Mwaka 2024, miezi minane baada ya safari yetu, maji yalirudi Gatumba. Ule ukuta wa urefu wa kiuno haupo tena.

Siku hizi watu bado huniletea karatasi. Huwaomba kwanza tuende pamoja kukiona kiwanja. Kama kuna maji karibu, nahesabu hatua, nawauliza majirani wazee maji yalifika wapi miaka mibaya, na namtaka mnunuzi aende kwenye ofisi inayohusika kabla ya kutoa fedha. Mwaka jana jirani mmoja alikasirika. Alisema nimemchelewesha, akaenda kuandikiwa na mtu mwingine. Sikuweza kumzuia. Lakini alikwenda akiwa amesikia neno “mita 150” kwa lugha anayoielewa, na hilo Shangazi hakulipata kwangu.

Kwa Shangazi nilikwenda peke yangu, wiki mbili baada ya safari, kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilikuja kwako ili unisomee dunia. Ukanisomea karatasi.” Hakusema kwa hasira. Akanimiminia chai. Nachangia kodi ya vyumba vyake viwili kila mwezi, na wote wawili tunajua kwamba huo si msaada.

Binti yangu bado anataka kwenda Watamu. Shule ilipofunguliwa aliandika insha juu ya likizo yake, na kwa kuwa mwalimu wake ni rafiki yangu, nilioneshwa. Ameeleza kwamba maji ya ziwa letu hutoka kwa Lukuga, huingia Lualaba, huwa Mto Kongo, na mwisho hufika Atlantiki waliko nyangumi wengine; kwa hiyo, amehitimisha, kiboko wa Rusizi na nyangumi wanapelekeana salamu. Kuhusu kiwanja ameandika sentensi moja tu: “Kisha tulipima nyumba ya Bibi kwa hatua, na mama yangu alilia.”

Mwalimu wake alikuwa amepigia mstari neno “tulipima”, akaandika pembeni: kwa nini? Nimeomba daftari lile libaki kwangu mpaka niandike makala hii. Kesho nitalirudisha, na swali hilo nitawasomea wanafunzi wangu.